Kasi ya Mota na Sauti ya Msemaji: Historia ya Upimaji wa Marudio katika Filamu na Rekodi za Afrika Mashariki, na Maana yake kwa Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Filamu na rekodi za sauti ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya historia ya Kiswahili kilichosemwa. Hata hivyo, thamani yake kwa mtafiti hutegemea jambo ambalo wanaisimu hulitaja kwa nadra: kasi ya mota iliyoukokota ukanda siku ya kurekodi, na kasi ya mashine iliyouchezesha siku ya kunakili. Makala haya yanafuatilia historia ya jitihada za kupima na kusawazisha kasi hiyo kwa njia ya marudio ya umeme, kuanzia kamera za kuzungushwa kwa mkono, kupitia jaribio la filamu la Vugiri la 1935 hadi 1937 na magari ya sinema ya enzi ya ukoloni, hadi simu za leo. Yanadai kuwa kasi isiyojulikana hubadilisha kidatu, fomanti na mwendo wa usemi, na kwamba athari hizo zina uzito wa pekee katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, ambako rekodi za Kiswahili zinaweza kuwa ushahidi wa kitaaluma na wa kisheria. Mwishoni yanatolewa mapendekezo ya sera yasiyohitaji gharama kubwa.

1.0 Utangulizi

Makazi ya Nakivale, yaliyoko kusini-mashariki mwa Mbarara katika Wilaya ya Isingiro ya sasa, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yenye umri mkubwa zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka wa 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka wa 1959. Tangu hapo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, kila kundi kwa wakati wake na kwa sababu zake. Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali, Kiamhari, Kifaransa na Runyankore husikika humo, lakini Kiswahili, hasa kile cha mashariki ya Kongo, ndicho kinachovuka mipaka ya makundi mengi sokoni, kanisani na kliniki.

Kwa mwanaisimu, hali hii ni hazina. Kiswahili hakina toni ya kileksika, lakini wengi wa wanaokisema Nakivale wamelelewa katika lugha zenye toni. Swali la namna kiimbo cha Kiswahili kinavyobadilika katika vinywa vyao ni la msingi. Swali hilo hujibiwa kwa rekodi, na rekodi hupimwa kwa kompyuta inayotoa tarakimu: kidatu ni hezi kadhaa, irabu ina fomanti ya hezi kadhaa, silabi imechukua milisekunde kadhaa. Tarakimu hizo huaminiwa kwa sababu zimetoka kwenye mashine. Makala haya yanauliza swali linalotangulia: ni nani aliyeipima mashine?

Swali hili lina historia ndefu kuliko kompyuta. Ni lilelile lililowashughulisha mafundi wa sinema kwa miongo kadhaa, walipotaka mota ya kamera iende kwa kasi moja isiyoyumba ili midomo ya msemaji na sauti yake zisiachane.

2.0 Suala la istilahi: masafa au marudio?

Kabla ya kuingia katika historia yenyewe, istilahi moja inahitaji kuwekwa sawa. Dhana ya idadi ya mizunguko au mapigo katika sekunde moja, ambayo kipimo chake ni hezi, huitwa kwa Kiswahili kwa majina zaidi ya moja. Mamlaka za mawasiliano na watangazaji huiita masafa, kama katika masafa ya redio. Lakini neno hilohilo, lenye maana ya asili ya umbali, ndilo lililotumika kwa muda mrefu katika idhaa za masafa mafupi na masafa ya kati, ambako linarejelea urefu wa wimbi. Urefu wa wimbi na idadi ya mawimbi kwa sekunde ni vitu vinavyokwenda kinyume: kimoja kikipungua, kingine huongezeka. Mwanafunzi anayeambiwa kuwa masafa yamepungua hawezi kujua kama sauti imekuwa nzito au nyembamba.

Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno marudio kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde. Uchaguzi huo haukusudii kufuta matumizi yaliyokwishazoeleka redioni. Lengo lake ni kuonyesha kuwa upimaji hauwezi kufundishwa kwa Kiswahili ikiwa neno lake kuu linabeba maana mbili zinazopingana.

3.0 Kutoka mkono hadi mota

Kamera za mwanzo za sinema zilizungushwa kwa mkono. Kwa kawaida mzunguko mmoja wa mpini ulipitisha fremu 8, na mpigapicha mzoefu alizungusha mara mbili kwa sekunde, yaani fremu 16. Hakukuwa na chombo cha kupima. Mpigapicha alihesabu moyoni, na wapo waliofuata mdundo wa wimbo. Kasi iliyumba, lakini filamu ilikuwa bubu, na jicho husamehe mengi. Filamu ya ngoma iliyopigwa kwa fremu 16 na kuonyeshwa kwa fremu 24 huwafanya wachezaji waonekane wakirukaruka kwa pupa. Kasi yao imezidishwa mara moja na nusu, na mtazamaji asiyelijua hilo anaweza kudhani kuwa ndivyo ngoma ile ilivyochezwa.

Sauti haikusamehe. Mwaka wa 1926 mfumo wa Vitaphone nchini Marekani uliunganisha filamu na santuri iliyozunguka mara 33⅓ kwa dakika. Projekta na sahani ya santuri vilisukumwa na mota moja ili visipishane, na fremu 24 kwa sekunde zikachukuliwa kuwa kasi ya kudumu. Katika ukanda wa milimita 35 wenye fremu 16 kwa kila futi, kasi hiyo ni futi 90 kwa dakika. Katika ukanda wa milimita 16 wenye fremu 40 kwa kila futi, ni futi 36 kwa dakika. Tangu wakati huo kasi ya kamera ikawa sharti ambalo mpigapicha hangeweza tena kuliachia mkono wake.

Njia za kulitimiza sharti hilo zilitofautiana. Kamera ndogo zilitumia springi ya kukazwa pamoja na kidhibiti mwendo. Kamera za studio zilitumia mota inayofuata mizunguko ya umeme wa gridi: marudio ya umeme yakiwa thabiti, mota nayo ilikuwa thabiti. Kamera za safarini zilitumia mota ya betri, ambayo kasi yake hushuka betri inapochoka au baridi inapozidi. Kwa hiyo ilibidi kasi ipimwe.

Kipimo rahisi kuliko vyote kilikuwa taa. Taa ya neoni inayowashwa na umeme wa hezi 50 humweka mara 100 kwa sekunde. Sahani yenye mistari iliyopangwa kwa idadi maalumu, ikizunguka kwa kasi sahihi chini ya taa hiyo, huonekana imesimama. Kwa santuri ya 33⅓, mistari 180 hutosha. Kwa santuri ya 78 hutumika mistari 77, ambayo hutoa mizunguko 77.92, kwa kuwa hakuna idadi kamili ya mistari inayotoa 78 kamili. Mistari ikitambaa mbele, mashine inakimbia. Ikitambaa nyuma, inachelewa. Lakini kipimo hiki kina sharti moja: umeme unaowasha taa uwe kweli wa hezi 50.

4.0 Vugiri, 1935 hadi 1937

Katika Afrika Mashariki, suala la kuoanisha sauti na picha lilijitokeza mapema, na lilijitokeza kama suala la lugha. Kati ya mwaka wa 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Kimisionari, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, liliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lililojulikana kwa kifupi kama BEKE. Kambi yake ilikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Meja L. A. Notcutt alisimamia kazi ya upigaji picha, na G. C. Latham alisimamia upande wa elimu. Filamu 35 zilitengenezwa, na gari la sinema lilizipeleka kwa watazamaji wa Tanganyika, Kenya, Uganda na makoloni ya kusini. Taarifa ya wawili hao ilichapishwa mwaka wa 1937 kwa jina la The African and the Cinema.

Uamuzi wao muhimu kwa mada hii ulikuwa wa kutenganisha picha na maneno. Picha iliwekwa kwenye ukanda wa milimita 16, na maelezo yakarekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili na Luganda zikiwamo. Mantiki yake ilikuwa ya kiuchumi. Filamu moja ingeweza kutumika katika eneo lenye lugha nyingi kwa kubadilisha santuri peke yake. Wingi wa lugha, ambao watawala wengi waliuona kuwa kikwazo, ulipata hapa jibu la kiufundi.

Jibu hilo lilikuwa na gharama yake. Pale ambapo sauti na picha viko juu ya ukanda mmoja, mashine ikichelewa vyote viwili huchelewa pamoja. Pale ambapo vimetengana, kila kimoja kina uwezo wa kupotea peke yake. Katika onyesho la dakika 10, tofauti ya asilimia 1 kati ya santuri na ukanda huzaa pengo la sekunde 6. Kwa filamu ya maelezo pengo hilo linaweza kuvumilika, kwa kuwa hakuna midomo ya kufuatwa. Kwa mazungumzo halivumiliki. Hivyo, katika jaribio la namna hii, sauti ya Kiswahili iliingia kwenye filamu kwa nafasi ya msimulizi asiyeonekana zaidi kuliko kwa nafasi ya mtu anayeonekana akisema. Mpaka wa kiufundi ulichangia kuamua nani asikike, na kwa namna gani.

5.0 Msimulizi hai, jenereta na gridi

Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa mwaka wa 1939 na kuongozwa na William Sellers, kilichukua njia nyingine. Magari yake ya sinema yalibeba msimulizi aliyesimama karibu na projekta na kipaza sauti, akieleza picha kwa lugha ya wenyeji papo kwa papo. Huyu hakuhitaji mota. Aliitazama picha, akaisubiri ilipochelewa, akaifukuzia ilipokimbia. Kwa lugha ya ufundi, yeye mwenyewe alikuwa chombo cha kuoanisha. Sanaa hiyo haikufa. Wafasiri wa filamu wa Uganda waitwao VJ, pamoja na wenzao kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wamefanya kazi ya jamii hiyohiyo kwa vifaa vingine.

Projekta ya gari, hata hivyo, ilihitaji umeme, na umeme huo ulitoka kwenye jenereta. Jenereta yenye ncha nne hutoa hezi 50 inapozunguka mara 1,500 kwa dakika. Ikishuka hadi mizunguko 1,410, umeme wake ni wa hezi 47, na mota inayofuata umeme huo itaipitisha filamu kwa fremu 22.56 badala ya 24. Sauti yote huteremka kwa zaidi kidogo ya nusu-toni moja ya muziki. Taa ya neoni haitafichua kosa hilo, kwa sababu taa nayo inakula umeme uleule. Sahani itaonekana imesimama huku kila kitu kikienda pole. Hili ni fundisho la kwanza la historia hii: kifaa hakiwezi kusahihishwa kwa rejeleo linaloshiriki kosa lake.

Bwawa la Owen Falls mjini Jinja lilipofunguliwa mwaka wa 1954, Uganda ilianza kupata gridi ya hezi 50 yenye chanzo kikubwa na thabiti. Televisheni ya Uganda ilipoanza mwaka wa 1963, ilifuata utaratibu wa nchi za hezi 50, yaani picha 25 kwa sekunde. Hapo likaja tatizo jipya. Filamu iliyopigwa kwa fremu 24 ikipitishwa kwenye televisheni ya picha 25 huenda kasi kwa asilimia 4.2. Dakika 10 huwa dakika 9 na sekunde 36, na sauti hupanda kwa takriban saba ya kumi ya nusu-toni. Hakuna mtazamaji anayelalamika. Lakini atakayeichukua nakala hiyo miaka 60 baadaye na kupima kidatu cha msemaji, atapima jambo ambalo halikuwahi kutokea.

6.0 Namna ishara inavyohesabiwa

Suluhisho la kudumu lilikuja pale mafundi walipoacha kuilazimisha mota itii, wakaanza kuirekodi kasi yenyewe. Katika miaka ya 1950 nchini Ujerumani ulibuniwa mtindo wa kuifanya kamera itoe ishara ya umeme ambayo marudio yake yanalingana na kasi ya mota. Ishara hiyo, hezi 50 kwa kasi sahihi, ilirekodiwa kwenye utepe wa sauti kando ya maneno. Kinasa sauti cha Nagra cha Stefan Kudelski kilieneza mtindo huo. Kamera ilipochelewa, ishara ilichelewa pamoja nayo, na wakati wa kunakili utepe ulirekebishwa kufuata ishara. Kosa lilibaki, lakini lilibaki likiwa limeandikwa, na kosa lililoandikwa husahihishika.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuondoa waya kati ya kamera na kinasa sauti kwa kuvipa vyote viwili saa zinazokubaliana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Leacock na wenzake nchini Marekani walitumia saa ya Accutron, ambayo ndani yake uma wa sauti hutetema mara 360 kwa sekunde. Baadaye fuwele ya kwatsi ilichukua nafasi hiyo. Fuwele ya aina hiyo, iliyochongwa itetemeke mara 32,768 kwa sekunde, ndiyo inayoendesha saa nyingi za mkononi hadi leo.

Usahihi wa upimaji huo unaweza kuelezwa kwa hesabu ndogo. Tuchukulie mota inayotoa mapigo 10 kwa kila fremu. Kwa fremu 24, ishara yake ni hezi 240. Kihesabio kinachohesabu kwa sekunde moja kinaweza kukosea kwa pigo moja, yaani asilimia 0.4. Katika filamu ya dakika 10 hilo ni pengo la sekunde 2.4, na midomo itakuwa imeachana kabisa na maneno. Kikihesabu kwa sekunde 10, kosa ni asilimia 0.04, sawa na robo ya sekunde, au fremu 6 hivi. Bado ni nyingi. Njia bora ni kugeuza swali: badala ya kuhesabu mapigo ndani ya sekunde, hupimwa urefu wa pigo moja kwa kutumia saa ya fuwele inayogonga mara milioni moja kwa sekunde. Pigo la hezi 240 litachukua migongo 4,167 hivi, na kosa la mgongo mmoja ni asilimia 0.024 tu kwa pigo moja. Mapigo 100 yakipimwa kwa pamoja, kosa hilo linagawanywa kwa 100.

7.0 Mvumo wa umeme kama shahidi

Rekodi nyingi za zamani hazina ishara ya aina hiyo. Hata hivyo, mara nyingi zina shahidi asiyekusudiwa. Umeme wa gridi huacha mvumo hafifu katika rekodi zinazofanywa karibu na nyaya zake au kwa vifaa vinavyoutumia. Mvumo huo ni wa hezi 50 na vigawe vyake. Katika uchunguzi wa kijinai mbinu ya kuusoma mvumo huu ilianza kutumika mwanzoni mwa karne hii, na Catalin Grigoras wa Romania ni miongoni mwa waasisi wake. Kwa mwanahistoria wa lugha mbinu ni ileile: nakala ya dijitali ikionyesha mvumo wa hezi 52.08, ni dalili kuwa rekodi ya fremu 24 imechezeshwa kwa 25. Ukiwa wa hezi 48, kinyume chake kimetokea. Pakionekana mivumo miwili, mmoja ukiwa wa 50 kamili, huenda huo wa pili uliongezwa na mashine ya kunakilia, na mtafiti hana budi kuitenganisha.

Hapa ndipo tofauti kati ya Mbarara na Nakivale inapokuwa ya kisayansi. Rekodi iliyofanywa katika ofisi ya Mbarara yenye umeme wa gridi ina uwezekano wa kubeba mvumo unaoaminika. Rekodi iliyofanywa Nakivale katika kibanda kinachotumia jenereta ndogo ya petroli hubeba mvumo wa jenereta hiyo, ambayo kwa kawaida hukimbia zaidi isipokuwa na mzigo na kushuka mzigo unapoongezwa. Rekodi iliyofanywa uwanjani kwa simu yenye betri inaweza isiwe na mvumo wowote. Watu wawili wanaosema Kiswahili kilekile, mmoja mjini na mwingine makazini, wanaacha nyuma yao ushahidi wa viwango viwili tofauti. Ukosefu wa usawa katika umeme unageuka ukosefu wa usawa katika kumbukumbu.

8.0 Athari kwa isimu na kwa wasemaji

Ni muhimu kutoikuza hoja kupita kiasi. Kasi ikiongezeka kwa uwiano mmoja, mahusiano ya ndani ya rekodi hubaki: irabu ndefu bado ni ndefu kuliko fupi, toni ya juu bado iko juu ya toni ya chini, na mkazo wa Kiswahili bado uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mofolojia na msamiati haviguswi kabisa: bintu ya Kivu haigeuki kuwa vitu kwa sababu ya mota.

Kinachoharibika ni vipimo visivyo vya uwiano. Msemaji wa silabi 5 kwa sekunde huonekana kusema 5.2. Fomanti ya hezi 500 husomeka 521, na irabu huonekana imetamkwa chini zaidi mdomoni kuliko ilivyotamkwa. Faili ya dijitali iliyorekodiwa kwa sampuli 44,100 kwa sekunde ikisomwa kama 48,000, kosa hupanda hadi asilimia 8.8, karibu nusu-toni moja na nusu. Kwa msemaji mmoja tofauti hizi zinaweza kumezwa na tofauti za kawaida za watu. Lakini ikiwa kongoo moja zima lina kosa hilo na jingine halina, ulinganisho wake utatoa tofauti ya kitakwimu iliyo safi na isiyo ya kweli. Mtafiti anaweza kuandika kwa nia njema kuwa kizazi cha pili cha wakimbizi kinasema haraka kuliko cha kwanza, kumbe kilichobadilika ni mashine.

Uzito wa jambo hili hauishii chuoni. Nchi kadhaa zinazopokea waomba hifadhi hutumia uchambuzi wa lugha kama sehemu ya kuamua mtu ametoka wapi. Mwaka wa 2004 kundi la wanaisimu wa kimataifa lilitoa miongozo ya kutahadharisha kuhusu matumizi hayo, likisisitiza sifa za mchambuzi na ubora wa data. Wasomali na wasemaji wa Kiswahili ni miongoni mwa wanaoguswa na uchambuzi wa aina hii. Rekodi ya marejeleo ambayo kasi yake haijulikani haifai kumwamulia mtu kama yeye ni wa Kismayu au wa kwingineko, wa Uvira au wa Bujumbura.

9.0 Mapendekezo ya sera

Uganda iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka wa 2005, na mwaka wa 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza ifundishwe shuleni. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2022. Kiswahili cha Nakivale kimo ndani ya sera hiyo tayari, na kurekodiwa kwake ni jukumu la umma. Makala haya yanapendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila rekodi ya utafiti au ya kumbukumbu ianze na kumalizika kwa toni ya hezi 1,000 ya sekunde 10, itolewe na kifaa kingine kisicho kile kinachorekodi. Toni ikitolewa na kifaa kilekile, kosa la saa yake litajificha, kama taa ya neoni ilivyolificha kosa la jenereta. Toni mbili, ya mwanzo na ya mwisho, huonyesha pia kama kasi imeyumba katikati.

Pili, fomu ya rekodi iwe na nafasi ya kuandika idadi ya picha kwa sekunde, idadi ya sampuli kwa sekunde, aina ya kifaa na chanzo cha umeme: gridi, jenereta, sola au betri. Taarifa hizi huandikwa kwa dakika moja, na zikikosekana hazipatikani tena.

Tatu, filamu na tepu za zamani zinaponakiliwa, kasi ya kuchezesha iandikwe, nakala isiyorekebishwa ihifadhiwe, na marekebisho yoyote yafanywe kwenye nakala ya pili. Miongozo ya Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha inatoa msingi unaokubalika.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, pamoja na mabaraza ya Kiswahili ya nchi wanachama, isanifishe istilahi za upimaji wa sauti, ikianza na utata wa masafa na marudio. Vijana wa Nakivale wanaotengeneza video kwa simu wanajifunza kazi hii kwa maneno ya Kiingereza yasiyofafanuliwa. Mwongozo wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukizingatia pia matumizi ya Kongo, ungewafanya wasaidizi kamili wa utafiti badala ya kuwa vyanzo vya data tu.

10.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kuwa kila kizazi cha mafundi kilipata njia ya kuijua kasi ya mashine yake: mkono uliohesabu, taa iliyomweka, ishara iliyorekodiwa, fuwele iliyotetemeka. Inaonyesha pia kuwa katika Afrika Mashariki uchaguzi wa njia ulifungamana daima na lugha na upatikanaji wa umeme. Santuri za Vugiri, msimulizi wa gari la sinema na simu ya Nakivale ni majibu matatu kwa swali moja la namna ya kuiunganisha sauti ya mtu na picha yake bila kuipotosha.

Simu za leo zina fuwele iliyo sahihi kuliko mota yoyote ya zamani, na kwa hiyo ni rahisi kudhani kuwa tatizo limekwisha. Limebadilika sura tu. Kosa la leo liko katika kuhamisha, kubana na kusoma vibaya faili, na halitoi mlio wa kuonya. Wakongwe wa Nakivale waliofika wakiwa watoto katika miaka ya 1960 ni wachache kila mwaka. Sauti zao zikirekodiwa bila kipimo, wajukuu wa watafiti wa leo watakuwa nazo, lakini hawatakuwa na njia ya kujua kama ndivyo wazee wale walivyosema. Kipimo kinachotakiwa ni toni ya sekunde 10 na mistari minne katika fomu.